Chai juu ya basi la ghorofa London: je, mama mwenye magoti mabovu atafaidi?

Swali la msomaji: "Mimi na mama tutakuwa London siku 4 mwanzoni mwa Desemba, kwa mahafali ya mdogo wangu. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ana sukari, hali nguruwe, na Kiingereza anakisikia kidogo tu. Nimeona kuna mabasi mekundu ya ghorofa yanayozungusha watu mjini huku wakinywa chai na keki mezani. Bei imenishtua. Ni kitu cha maana, au ni ujanja wa kumkamua mgeni? Na tukienda, twende vipi?"

Dada yangu, mpe mama shikamoo yangu, kisha mpeleke.

Nasema hivyo japo kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu, na mabasi hayo huninyang'anya wateja. Kwa vijana wawili wenye magoti mazima ningejibu vingine: pandeni basi la kawaida la abiria kwa nauli isiyofika pauni 2, mkanywe chai mahali ambapo meza haitikisiki. Tiketi ya basi la chai ni pauni 40 na kitu, mara nyingine 50 na kitu, kwa kichwa. Ukihesabu sandwichi na vikeki peke yake, umekamuliwa kweli. Ila London ni mji unaodai miguu. Stesheni nyingi za treni za chini ya ardhi hazina lifti. Kutoka uwanja wa Trafalgar Square hadi Bungeni ni karibu kilomita moja ya kusogea katikati ya umati, na mabenchi ni ya kuhesabu. Mama akishaitembea hiyo, siku yake imekwisha. Kwenye basi atakaa saa moja na nusu penye joto, ana dirisha lake, na mji ndio unaompitia. Mnalipia kiti, chai ni nyongeza.

Naanza na choo, na usinicheke. Mabasi haya kwa kawaida hayana choo, na safari ya chai haisimami njiani kushusha watu. Mtu wa miaka 71 mwenye sukari, baridi ya Desemba, na muhudumu anayepita na birika kila mara: hesabu yake unaijua. Tena dakika 90 zilizoandikwa kwenye tiketi, foleni ikikaza, hunyooka zikakaribia saa mbili. Safari nyingi za aina hii huanzia pande za Victoria au Trafalgar Square. Kama ni Victoria, pitieni vyoo vya stesheni ya mabasi kabla ya kupanga foleni. Kama ni Trafalgar Square, ingieni National Gallery, jumba la picha lililo upande wa kaskazini wa uwanja. Kuingia ni bure, kuna vyoo, kuna viti, na mama ataota joto huku akitazama picha mbili tatu. Halafu kikombe cha kwanza asikiwahi. Akianza kunywa safari ikiwa imefika nusu, atamaliza kwa amani.

Sasa ngazi. Baadhi ya kampuni hutumia Routemaster, lile basi jekundu la kwenye kadi za posta. Lilianza kubeba abiria mwaka 1956, yakatengenezwa zaidi ya 2,800 hadi 1968, na Desemba 2005 likaondolewa kwenye njia za kawaida. Lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayewahi kazini: nyuma kuna jukwaa wazi lisilo na mlango, abiria anadandia basi likiwa kwenye mataa, kondakta anamfuata na mashine ya tiketi. Ngazi za kwendea juu zinaanzia papo hapo jukwaani, nyembamba, zimejipinda. Aliyezichora hakumfikiria mama yako hata kidogo.

Hata hivyo, kama anaweza kupanda ngazi za kawaida za nyumbani kwa kushika ukuta bila kupumzika katikati, mpandishe juu. Chini utaona ubavu wa basi jingine na viuno vya wapita njia, na majengo marefu yatakatwa shingo na ukingo wa dirisha. Atapanda mara moja na kushuka mara moja, zote basi likiwa limesimama. Wakati wa kupanda wewe kaa nyuma yake. Wakati wa kushuka tangulia wewe. Fikeni mapema ili apande polepole bila watu kumpumulia kisogoni. Akishindwa, msilazimishe: ombeni meza ya chini, na mwelezeni anayepokea abiria sababu. Kitu kimoja cha kujua ni kwamba ghorofa ya juu huyumba zaidi kwenye kona. Kama mama hutapika safarini, chini ndiko kwake, hadithi imeisha.

Meza nyingi ni za watu wanne, wawili wakitazama mbele na wawili wakienda kinyumenyume. Mama akae dirishani akitazama mbele, wewe ukae mbele yake ukimtazama yeye. Utakosa kuona kinachokuja, lakini faida yake utaiona nikifika kwenye suala la lugha.

Kuhusu chai yenyewe, wengi huwaza vikombe vya kaure. Mara nyingi utapewa kikombe chenye kifuniko, kama cha msafiri, kinachokaa kwenye tundu lililotobolewa mezani, na kile kinara cha sahani za vitafunio huwa kimebanwa kisiondoke. Wana sababu. Siku moja nilikuwa ndani ya basi la namna hiyo na familia niliyoikaribisha. Dereva akamwekea breki mwendesha baiskeli, kichupa cha jemu kilichoachwa wazi kikateleza meza nzima, kikampindukia bibi mmoja kwenye sketi nyeupe. Muhudumu alileta tishu mbili. Tangu hapo nina kanuni: basi likisimama kwenye mataa, kula na kunywa, likiondoka, weka chini, tazama nje. Kwa foleni za London hamtakufa njaa.

(Desturi yenyewe ya chai ya alasiri husimuliwa kuwa ilianza miaka ya 1840 kwa Anna, mke wa lodi mkubwa wa Bedford, aliyeshikwa na njaa kati ya chakula cha mchana na cha usiku kilichokuwa kikiliwa kwa kuchelewa sana. Kwa hiyo chimbuko lake ni njaa ya saa 10 jioni, jambo ambalo mama atalielewa bila mkalimani.)

Chakula kitakuja cha ngazi tatu. Chini ni sandwichi ndogo za tango, mayai, samaki wa salmoni, na mara nyingi moja ya nyama ya nguruwe. Katikati ni scone. Msidhani ni skonzi zetu laini za mkate: hiki ni kitu kinene, kikavu kidogo, kinachopakwa jemu na malai mazito. Watu wa Devon, jimbo la kusini-magharibi mwa Uingereza, hutanguliza malai na majirani zao wa Cornwall jemu, na wana ugomvi juu ya hilo usioisha. Juu kabisa ni vikeki. Kwa mwenye sukari, sinia lile linazidi kuwa hatari kadiri mkono unavyopanda. Mama aanze chini, sandwichi zenye mayai au samaki, anywe chai bila sukari, kisha achague kitu kimoja tu cha juu anachokitamani kweli na akigawe nawe. Vinavyobaki, ombeni kisanduku muondoke navyo, wahudumu wamezoea. Ratiba ya dawa au sindano msiipange kwa kutegemea saa ya chakula iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa sababu basi linaweza kuchelewa kuondoka. Ongeeni na daktari wake kabla ya safari, na mkobani kuwe na kitu chake cha dharura sukari ikishuka.

Kuhusu nguruwe, usiishie kusema "hali nguruwe". Vitu vyenye kutetemeka kama jeli, na baadhi ya krimu za vikeki, hugandishwa kwa jelatini, na jelatini nyingi hutokana na nguruwe. Uliza kama wana sinia la halali. Kama hawana, chukua la wasiokula nyama, ambalo kwa kawaida halina jelatini, na uthibitishe. Hili lifanyike siku unayokata tiketi, kwa maandishi. Ndani ya basi hakuna jiko la kumpikia mtu kitu kingine. Sinia zimepakiwa kabla hamjafika. Sheria ya Uingereza inamtaka mwuza chakula aweze kukueleza kama kuna chochote kati ya viambato 14 vinavyojulikana kuleta mzio, lakini nguruwe si mojawapo, kwa hiyo usitegemee orodha hiyo ikuokoe.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko kampuni utakayochagua. Mwanzoni mwa Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni. Safari ya saa 9 itaanza na mwanga wa kijivu na kuishia gizani. Kama shida ya mama ni kuona majengo, chukua ile ya saa 6 mchana. Kama anapenda taa za mapambo, chukua ya jioni. Regent Street ilianza kupambwa kwa taa za Krismasi mwaka 1954 na Oxford Street mwaka 1959, na Trafalgar Square kuna mti mrefu ambao Norway huutuma kila mwaka tangu 1947, shukrani kwa msaada wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mimi ningechukua ya saa 6, kwa sababu ya jambo moja ambalo matangazo hayasemi: vioo. Weka watu arobaini na birika za moto ndani ya basi lililofungwa siku ya baridi, na kila dirisha hutoka jasho. Usiku, kwenye kioo chenye ukungu, taa zote huwa madoa ya rangi. Beba kitambaa kikavu cha kufutia, tishu zao huacha manyoya.

Epukeni Jumamosi. Ndiyo siku ya maandamano, na maandamano ya London hupenda Trafalgar Square na Whitehall, barabara inayotoka hapo kwenda Bungeni, njia zilezile mnazotaka kuziona. Asubuhi ya siku za zamu ya walinzi wa kasri la Buckingham kubadilishana, ambazo kwa kawaida ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, barabara za pale karibu hufungwa kwa muda. Jumanne au Alhamisi mchana ndiyo nafasi yangu.

Nimefika kwenye lugha, na hapa ndipo safari hizi huwapotea wengi. Maelezo kwenye mabasi ya chai mara nyingi ni sauti iliyorekodiwa, kwa Kiingereza. Binti mwema hujaribu kumtafsiria mama kila neno. Matokeo yake sauti inasema, binti anasema, basi limeshapita, mama anageuza shingo kutafuta kitu ambacho hakipo tena. Achana na tafsiri. Chagua hadithi mbili au tatu, uzijue kabla hujaondoka nyumbani, na kila moja ianze taa nyekundu moja kabla ya mahali penyewe. Sisi waongozaji ndivyo tufanyavyo: mdomo unatangulia, macho yanakuja kumalizia.

Nakupa moja kamili. Basi likizunguka Trafalgar Square, kila mtu atatazama juu kwenye nguzo ya Nelson, shujaa wa vita vya baharini. Mwambie mama atazame upande wa kusini, kwenye kisiwa kidogo katikati ya barabara, sanamu ya mtu aliyepanda farasi. Ni mfalme Charles wa Kwanza, na sanamu hiyo ilitengenezwa mwaka 1633, yeye mwenyewe akiwa hai. Hapo ndipo hata umbali kutoka London hupimiwa. Muulize mama: mbona anatazama kule chini ya barabara? Muache akae na swali. Basi likiingia Whitehall kuelekea Bungeni, endelea. Mfalme huyu aligombana na bunge lake, vita ikapiganwa, akashindwa, akashitakiwa, akahukumiwa kukatwa kichwa. Ilikuwa tarehe 30 Januari 1649, baridi kali. Aliomba mashati mawili, avae moja juu ya jingine, asije akatetemeka kwa baridi watu wakadhani anatetemeka kwa hofu.

Kufikia hapo, kushoto kwenu, litatokea jengo la mawe meupe lenye madirisha makubwa yaliyopangwa safu mbili. Ni Banqueting House, jumba la karamu lililokamilika mwaka 1622, na dari lake la ndani mfalme huyohuyo alilipambisha kwa michoro ya kumtukuza baba yake. Alipitishwa chini ya dari hilo, akatolewa nje kupitia dirishani hadi kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu barabarani. Mkiwa ghorofa ya juu ya basi, mpo karibu sawa na kimo cha jukwaa lile. Mtu anayetembea chini hawezi kulipata jambo hilo, na mimi huwaonea wivu wenye mabasi kwa hilo tu. Kisha haraka, geukeni kulia, kwenye jengo la Horse Guards lenye askari wa farasi mbele. Juu yake kuna saa, na kwenye namba 2 pana alama nyeusi. Saa 8 mchana, kwa hesabu yetu, ndiyo saa aliyouawa. Sasa swali la sanamu limejijibu: mfalme anatazama mahali alipokatiwa kichwa.

Ona kwamba hukutafsiri chochote, na wewe uliyekaa kinyumenyume umeuona uso wa mama ulipofika kwenye mashati mawili. Kabla ya kukata tiketi, angalia kwenye ramani yao kama basi linashuka Whitehall kutoka Trafalgar Square au linapanda kutoka Bungeni. Likipanda, hadithi igeuze: anza na dirisha, malizia na sanamu, na jengo litakuwa kulia, ng'ambo ya barabara.

Hadithi ya pili haihitaji maneno mengi. Mbele ya Bunge, kwenye ukingo wa uwanja wa nyasi, kuna sanamu ya Mandela amefungua mikono kama mtu anayeongea na wageni wake. Ilizinduliwa Agosti 2007, mwenyewe akiwepo. Mama atamtambua kabla hujamwonyesha. Big Ben ipo hapohapo, na usipoteze muda kwayo. Hiyo inajitangaza yenyewe.

Jiandaeni kwa kukosa kitu kimoja. Kasri la Buckingham halionekani kama kwenye televisheni, kwa sababu mabasi ya watalii kwa kawaida hayapiti mbele ya lango lake. Mtaona ukuta mrefu wa bustani. Mwambieni mama mapema, asije akasubiri safari nzima.

Kama njia yenu inavuka Tower Bridge, na si zote zinavuka, mnaweza kukuta daraja limefunguliwa. Linainuliwa mara kama 800 kwa mwaka, na chombo cha majini ndicho chenye haki ya kupita kwanza, hivyo magari yote husubiri. Hapo ndipo pa kumimina chai kikombeni bila wasiwasi, na pa kumsimulia habari ya Albert Gunter. Huyu alikuwa dereva wa basi la ghorofa namba 78. Usiku wa tarehe 30 Desemba 1952 alikuwa katikati ya daraja na abiria wake, likaanza kufunguka. Akaona breki haitamsaidia, akakanyaga mafuta, basi likaruka pengo na kutua upande wa pili. Hakufa mtu. Alizawadiwa pauni 10.

Siku ya basi iwe ya kwanza au ya pili, si ya mwisho. Mama akiwa juu mle atanyoosha kidole mahali fulani na kusema, pale nataka kufika. Andika. Kesho yake mnapanda basi la kawaida. Namba 15 kutoka Trafalgar Square huwapitisha karibu na kanisa la St Paul's hadi ngome ya kale ya Tower of London kwa ile nauli isiyofika pauni 2, nayo ni ya ghorofa. Msibebe pesa taslimu kwa ajili ya nauli: mabasi ya London hayazipokei tangu Julai 2014, na kila mtu agusishe kadi yake mwenyewe ya benki au ya nauli. Ngoja, najua utauliza kwa nini basi msipande hilo 15 tu tangu mwanzo. Kwa sababu basi la abiria halikuhakikishii siti ya dirishani, na mama akikosa siti atasimama. Siku ya pili mnajua mnakokwenda na safari ni fupi.

Kabla ya kulipa, waandikie kampuni ujumbe mmoja. Uliza: ngazi zao zikoje na je, mnaweza kutangulia kupanda, sinia lisilo na nguruwe wala jelatini lina vitu gani kwa majina, na je, njia inapita Whitehall. Wakijibu kwa majina ya vyakula na ya barabara, lipa. Wakijibu "usijali, tunahudumia kila mtu", tafuta wengine.